Uzi: Tajiri aongezewe ushuru? Sawa, lakini tajiri ni nani, mwenye peslipu ama mwenye ploti

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Wadau mko aje. Mimi niko Nakuru, nina kasaiba kadogo hapa karibu na steji, na ikifika Juni kazi yangu ni moja tu, kufailia watu ritani kabla tarehe 30 ipite na penalti ya 2,000 ianze kuwatafuta. Kwa hiyo naona vitu. Naona P9, ile karatasi ya mshahara na makato ya mwaka, ya nesi, ya mwalimu, ya soja wa usiku, halafu naona mzee ameshuka kwa Prado anaingia akiniambia "kijana, mimi niwekee nil, sina mapato." Sisemi kitu, mimi nabonyeza tu.

Sasa kila mahali watu wanasema matajiri walipe zaidi, pengo limekuwa kubwa. Hata mimi nasema hivyo. Shida yangu ni venye serikali yetu inatafsiri hilo neno tajiri.

Chukua watu wawili, wote wanaingiza 60,000 kwa mwezi. Wa kwanza mwalimu wa shule ya praiveti. Anakatwa NSSF ya uzeeni 3,600, SHA ya matibabu 1,650, hausing levi 900, halafu PAYE, ule ushuru wa mshahara, inakuja 8,538. Jumla 14,688, anaenda nyumbani na 45,000 na chenji. Hapo bado sako na loni. Wa pili ana ploti ya bedsita huko Kaptembwo, anakusanya 60,000 ileile. Ushuru wa renti ni asilimia 7.5, yaani 4,500, na ikishalipwa hiyo imeisha, hakuna mtu atamuuliza kitu tena. Mwalimu anaamka saa kumi na moja kushika chaki, huyu mwingine anaamka akiskia M-Pesa ikilia.

Ukipanda juu ndio unashangaa kabisa. Mtu wa mshahara wa milioni moja kwa mwezi, PAYE peke yake inakula karibu laki tatu. Mwenye maploti ya milioni moja kwa mwezi, 75,000.

Na hii haikuja kwa bahati mbaya. Sheria ya Fedha ya 2023, sheria moja, tulisainiwa siku moja. Ndani yake VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16. Ushuru wa mauzo wa biashara ndogo ukatoka 1 ukaenda 3. PAYE ikaongezwa ngazi mbili huko juu, 32.5 ukipita laki tano na 35 ukipita laki nane. Na ushuru wa renti? Huo ulishushwa, kutoka 10 hadi 7.5, kuanzia Januari 2024. Soma tena polepole. Hawa wote waliongezwa isipokuwa landilodi, yeye alipunguziwa. Wabunge wangapi wana ploti, hiyo sijui, lakini mnaweza kukisia kama mimi.

Kwa hiyo swali langu si kama tajiri alipe zaidi. Nauliza kwa nini tukisema tajiri tunashika mtu wa peslipu. Tupige stori.

BODA WA KONDELE, Kisumu

Omera umeongea kitu. Lakini hata huyo mwalimu wako anajulikana analipa, ana karatasi. Sisi wa boda tunaambiwa hatulipi ushuru, eti tuko nje ya mfumo, sijui sekta ya jua kali, wanatutafuta na kurunzi. Acha nikupigie hesabu ya mfumo.

Pikipiki yangu inakunywa lita tatu kwa siku. Ile levi ya barabara peke yake iliongezwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Tatu mara 25 ni 75 kwa siku. Nafanya siku 26, hiyo ni 1,950 kwa mwezi, levi moja tu, sijaweka VAT, sijaweka ile ingine na ile ingine. Na barabara yenyewe ukitoka hapa Kondele ukiingia ndani Manyatta unaijua, mvua ikinyesha ni mimi naibeba pikipiki.

Mwenye V8 pia analipa hiyo 25 kwa lita, sikatai. Lakini yeye hiyo ni pesa ya kununulia mtoto juisi. Kwangu hiyo ni unga ya wiki. Halafu mtu anakuja kwa TV na tai anasema tupanue wigo wa ushuru. Wigo ni mimi, nimepanuka mpaka nimeraruka.

LANDILODI MKAVU, Kiamunyi

Nimesoma hii yote nikanyamaza, lakini imebidi. Nyinyi mnaongea kama ploti inaota kama magugu.

Mimi nilijenga na loni ya benki. Hiyo 7.5 inakatwa kwa renti yote kabla hujatoa kitu, si kwa faida. Hukatiwi riba ya loni, hukatiwi maji, hukatiwi keateka, hukatiwi rangi, hukatiwi yule mpangaji alihama usiku na balbu zangu. Nyumba nne ziko tupu tangu Januari. Nikikusanya laki moja benki inachukua 70, KRA ya ushuru 7,500, maji na stima ya korido 6, keateka 8, niambie nabaki na ngapi. Mwalimu wako angalau akimaliza mwezi mshahara haukosi.

Na ukiniongezea ushuru sitalia, nitaongeza renti. Ni huyohuyo mwalimu na huyohuyo jamaa wa boda watalipa. Fikirieni hiyo kabla mshangilie.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Landilodi karibu sana, na asante kwa kuja na hesabu badala ya matusi. Umeongea ukweli kwa riba ya loni, hapo mimi nilipita haraka.

Lakini sheria hiyohiyo imekuachia mlango. Hii 7.5 si lazima. Unaweza kumwandikia Kamishna barua kwamba hutaki huo mpango, unataka kulipa kama watu wengine, unatoa gharama zako zote na riba, halafu unalipa asilimia ya kawaida kwa kile kimebaki. Kama hiyo 70 ya benki yote ni riba, bila ile 7,500 ya KRA ungebaki na 16,000 kwa laki, mwaka mzima hiyo ni 192,000, na kwa viwango vya kawaida mtu asiye na mapato mengine halipi hata ndururu mpaka apite 288,000. Sasa niulize kwa heshima mzee wangu, kwa nini hujaandika hiyo barua?

LANDILODI MKAVU, Kiamunyi

Kwa sababu watanitaka risiti.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Hahaha. Walai nimecheka mpaka kasta amegeuka.

TICHA WA LURAMBI, Kakamega

Mulembe wote. Mimi ni mwalimu kweli na hizo hesabu za Karani ni zangu kabisa, umenivua nguo mbele ya watu.

Lakini mimi niko na swali la kwanza kabla ya hayo yote. Tuongeze pesa iende wapi? Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatoa ripoti, mabilioni hayana maelezo, tunasoma, tunakasirika siku mbili, tunaendelea. Unaniambia nitafute tajiri wa kulipa zaidi ili huyo mwingine tajiri apate zaidi ya kukula? Hiyo ni kutoa ng'ombe kwa boma moja kupeleka kwa boma ya jirani yake, mimi maskini nimeshika tu kamba.

2024 vijana walisimama, hapa Kakamega, huko Nakuru, Kisumu, nchi nzima. Juni 25 watu wakafa, Juni 26 rais akasema hasaini Muswada wa Fedha. Hawakuwa wanasema tajiri aongezewe. Walikuwa wanasema msitushike mfuko na mkono wenu ni mchafu. Mnawasahaulisha watu hilo.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Ticha sikusahau, mimi pia nilifunga saiba hiyo wiki, moshi uliingia mpaka kwa printa.

Lakini ngoja nikukumbushe kitu kilikuwa ndani ya ule muswada ambacho watu wengi walipita. Ushuru wa gari. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, lakini isipungue 5,000 na isipite 100,000. Hapo kwa "isipite" ndio kuna kisu. Mwenye Probox ya 800,000 angelipa 20,000. Mwenye gari ya milioni 4 angelipa laki. Mwenye gari ya milioni 16 naye angelipa laki ileile, kwa asilimia 2.5 ingekuwa laki nne lakini amewekewa dari asinyeshewe. Yaani mtu alikaa ofisini na kalamu akafikiria, huyu wa juu tumlinde. Ilitolewa hata kabla muswada wote haujaanguka, sawa, lakini umeona akili ya wanaoandika hizi vitu.

Sasa wizi. Nakubali wizi uko. Lakini tukisema hakuna ushuru mpya kwa wenye mali mpaka wizi uishe, wewe Ticha bado PAYE yako itakatwa mwisho wa mwezi, hawakungoji wizi uishe. Boda hapa ataweka mafuta kesho asubuhi. Ni nani anangojewa? Ni yule hajaguswa. Hiyo hoja ya wizi ni ya kweli lakini angalia inamkinga nani.

MHASIBU MSTAAFU, Kisumu (Milimani)

Vijana, niingize maneno mawili ya mzee, nilikaa kwa vitabu vya hesabu miaka mingi.

Kwanza mtu atakuja hapa kusema gawio la hisa linakatwa asilimia 5 tu, kwa hiyo wenye hisa wanatucheka. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kampuni ikipata faida ya shilingi 100, inatoa 30 kwanza. Zile 70 zikigawanywa ndio zinakatwa 5, ambayo ni 3.50. Jumla 33.50. Si mbali sana na mtu wa mshahara wa juu. Msipige hapo, mtakuwa mnapiga hewa.

Pili, kuna ile ya Oxfam inazungushwa sana, kwamba Wakenya 8,300 wana mali kuliko wengine wote wakiwekwa pamoja. Mimi nina maswali na venye hiyo mali inahesabiwa, maana tajiri wa Kenya hatangazi. Lakini hata ukikata nusu, bado ni aibu.

Tatu, tajiri ana miguu. Norwei wana ushuru wa mali, kama asilimia moja ya kila kitu unamiliki ukipita kiwango fulani. Walipoupandisha kidogo 2022, matajiri kadhaa wakahamia Uswisi. Ufaransa walikuwa na ushuru wa mali wa kila aina, 2018 wakauondoa, lakini wakabakisha wa nyumba na ardhi. Jiulizeni kwa nini walibakisha huo.

Na jambo la mtu wa mshahara kulipa kuliko tajiri si letu peke yetu. Warren Buffett mwenyewe aliandika 2011 kwamba analipa asilimia 17.4 na wote walio ofisini kwake wanalipa asilimia kubwa kuliko yeye. Aliandika kwa kulalamika, si kwa kujisifu. Wenzetu wa hapa hata kulalamika hawalalamiki.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Jaduong' asante, hapo kwa gawio umenisaidia maana nilikuwa nimeandika komenti ndefu nikafuta.

Na hapo kwa Ufaransa ndipo nilitaka kufika. Pesa inapanda ndege, hisa zinahama kwa simu, lakini shamba haliwezi kwenda Uswisi. Liko hapo. Kila mtu analiona.

Sasa angalia ardhi yetu inavyokaa. Kuna mtu alinunua ekari huko nje ya Lanet kitambo, milioni moja, akaweka sengʼenge na mbuzi wa jirani anakula ndani. Kaunti ikaleta barabara, Nakuru ikawa siti 2021, leo watu wanamtajia milioni kumi. Hizo milioni tisa hakuzifanyia kazi hata siku moja. Mwenye duka la kando alilipa, boda alilipa kwa lita, Ticha alilipa, barabara ikajengwa, thamani ikaingia kwa sengʼenge yake. Na akikaa bila kuuza, KRA haimuulizi chochote.

Akiuza kuna ushuru wa faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5, na kabla ya 2015 ilikuwa sifuri, maana ulisimamishwa 1985. Miaka thelathini. Fikiria ardhi iliyouzwa nchi hii kati ya 1985 na 2015, wacha ya hapa Rift Valley peke yake, na faida yote ilienda kwa mfuko bila kukatwa. Na asipouza akafa, watoto wanarithi bila ushuru, ule wa urithi ulifutwa 1982. Kwa hiyo mali kubwa ya Kenya inatoka kwa babu hadi mjukuu bila kukutana na KRA hata kwa barabara, na mwalimu anakutana nayo kila mwisho wa mwezi.

Mnaona venye najaribu kusema? Ukiongeza PAYE kutoka 35 hadi 40 utamshika daktari bingwa na meneja wa benki, ambao ndio peke yao wanalipa kwa ukamilifu saa hii. Atahama huyo, kweli. Mwenye ekari elfu mbili atasoma hiyo habari akikunywa chai.

BODA WA KONDELE, Kisumu

Sasa hapo nimeamka. Kwa hiyo tumwambie mbunge?

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Hapana, na hapa ndipo sisi sote tunakosea nyumba ya kubisha. Katiba kifungu cha 209, ushuru wa mapato na VAT ni wa serikali kuu, lakini ushuru wa mali, ile inaitwa rates, ni wa kaunti. Ardhi ya siti ya Nakuru, ardhi ya Kisumu pale Riat, Milimani, hiyo ni governor na MCA wako, yule wa bunge la kaunti. Siyo Nairobi.

Na kaunti zinalala. Shida ni daftari la thamani. Nairobi wenyewe walikaa miaka na miaka wakitoza kwa thamani ya miaka ya 1980, ploti ya mamilioni inahesabiwa kama bado watu wanatembea na Peugeot 404. Bunge lilipitisha sheria mpya ya rates 2024, kwa hiyo kisingizio cha sheria ya zamani kimeisha. Lakini MCA gani ataamka kuthaminisha upya shamba la mtu ambaye alimfadhili kampeni? Ni rahisi kutuma askari wa kanjo achukue 50 kwa mama wa sukumawiki.

TICHA WA LURAMBI, Kakamega

Sawa hapo umenibamba kidogo. Lakini chunga, sisi huku kijijini mtu ana ekari moja na nusu ya mahindi na kaburi la babu, ukileta ushuru wa ardhi mzee atauza shamba kulipa ushuru. Tajiri atalinunua hilohilo.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Kabisa Ticha, lazima kuwe na kiwango. Ekari yako moja na nusu isiguswe, shamba la kukula lisiguswe, nyumba moja ya mtu kuishi iguswe kidogo ama isiguswe. Ile inakaa na sengʼenge katikati ya mji ikingoja bei, na yule ana za kuhesabu na kalkuleta, hao. Katiba yenyewe kifungu cha 201 inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, haijasema ugawanywe kwa wale wako karibu.

LANDILODI MKAVU, Kiamunyi

Na mimi mwenye bedsita 22 na loni mniweke wapi?

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Wewe mzee wangu rudisha tu hiyo 10 ya zamani kwa wale wamemaliza loni, na wenye loni mkatiwe riba. Mimi si adui wako. Na hiyo ya kuongeza renti, ungeweza kuongeza ungekuwa umeongeza tayari. Umesema nyumba nne ziko tupu.

LANDILODI MKAVU, Kiamunyi

Eh. Haya.

MAMA HADIWEA, Molo

Hamjambo. Nimefuata huu uzi tangu asubuhi nikiuza misumari. Karani umetaja ule ushuru wa mauzo ukapita mbio, na huo ndio unaniua mimi.

Nauza kama laki tatu kwa mwezi. Watu wakiskia laki tatu wanafikiri ni zangu. Saruji gunia moja napata 20, labda 30. Nikijumlisha na rangi na misumari na mabati faida ni kama 30,000. Natoa kodi ya duka 10,000, kijana wa kubeba 6,000. Nabaki na 14,000. Sasa hiyo asilimia 3 ni ya laki tatu, si ya 14,000. Ni 9,000. Nabaki na 5,000 ya kulea watoto watatu. Mimi ndiye tajiri?

BODA WA KONDELE, Kisumu

Mama pole. Asilimia 64 hiyo, nimepiga kwa simu. Hata yule wa milioni moja hafikishi.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Mama asante kwa kuleta hii, maana mimi nimelalamika juu ya wakubwa nikasahau wewe.

Huu ushuru wa mauzo ni wa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, wewe uko 3.6 kwa hiyo umo ndani. Lakini kumbuka ile barua nilimwambia Landilodi. Hata wewe uko na haki ya kumwandikia Kamishna kwamba hutaki ushuru wa mauzo, unataka wa kawaida wa faida. Faida yako 14,000 mara 12 ni 168,000 kwa mwaka. Kama huna mapato mengine hiyo iko chini ya 288,000. Ukifaili kwa njia ya kawaida, ushuru wako ni sifuri. Si nil ya yule mzee wa Prado, hii ni sifuri ya halali, na vitabu viko wazi.

MAMA HADIWEA, Molo

Sifuri?? Na hakuna mtu amewahi kuniambia. Miaka miwili nalipa hiyo.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Hakuna anayelipwa kukuambia, mama. Mwenye pesa ana mhasibu kama jaduong' hapo juu, wewe ulikuwa na mimi na mimi nilikuwa nabonyeza tu.

MHASIBU MSTAAFU, Kisumu (Milimani)

Lakini mwambie pia ugumu wake. Ukitoka kwa mauzo ukaingia kwa faida, karibu kila gharama lazima iwe na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, la sivyo hawaikubali. Yule wa kukuuzia saruji kwa jumla akupe ya eTIMS yenye PIN yako. Mwenye duka la kukodi pia aandike. Akikataa, hiyo 10,000 yako ya kodi wataihesabu kama faida.

MAMA HADIWEA, Molo

Wa saruji atanipa, ni kampuni. Mwenye duka ndiye mgumu. Anataka keshi na hataki karatasi.

BODA WA KONDELE, Kisumu

Landilodi Mkavu si ni wewe?

LANDILODI MKAVU, Kiamunyi

Mimi sina duka Molo. Msinianzishie.

KARANI WA SAIBA, Nakuru

Mama kuja nayo yote, invoisi za saruji, daftari la mauzo hata kama ni la mkono, PIN, na namba ya simu yenye M-Pesa ya biashara. Tuandike barua pamoja, sitakutoza. Kuja kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kulipa ushuru wa mauzo, maana mpaka hiyo barua ikubaliwe bado unadaiwa ya mwezi uliopita.